Brashi ya Rangi Hufia Shinani: Mwongozo Kamili wa Kuichagua, Kuitumia na Kuiosha

Malalamiko ni yale yale. Mlango umepakwa vizuri, lakini ukikauka unaonyesha mistari ya brashi toka juu hadi chini. Nywele mbili tatu zimeganda katikati ya ubao. Brashi iliyooshwa jana, leo haipindiki. Mwenye kazi huilaumu rangi, akanunua ya bei kubwa zaidi, na mistari ikarudi pale pale.

Mara nyingi rangi haina kosa. Ubovu upo kwenye sentimita moja au mbili za kwanza za nywele, zinapotokea kwenye bati. Hapo ndipo shina la brashi. Rangi ikiingia shinani na kukaukia humo, nywele hutanuka, ncha hupoteza umbo, na hata fundi mzoefu hawezi kupiga mstari mnyoofu kwa brashi hiyo. Ukizitazama vizuri hatua zinazofuata, nyingi ni za kuizuia rangi isifike shinani au kuitoa ikishafika.

Tukubaliane majina kwanza: mpini ni pa kushikia, bati ni pete ya chuma inayofunga nywele, shina ni pale nywele zinapotokea kwenye bati, na ncha ni mwisho wake unaogusa ukuta au ubao.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kufungua rangi

- Brashi mbili: moja ya inchi 2 au 2½, nyingine ya inchi 1 au 1½. Kwa mlango bapa au eneo pana, ongeza ya inchi 3.
- Kopo tupu lenye mdomo mpana, safi na kavu
- Kijiti bapa cha kukorogea
- Soksi nyembamba ya nailoni, au kitambaa chepesi cha kuchujia
- Msasa laini, namba 180 hadi 240
- Kitana cha meno mapana
- Magazeti, matambara na mifuko ya plastiki
- Kwa rangi ya maji: maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji
- Kwa rangi ya mafuta: tina au tapentaini (vimiminika vya kuyeyushia rangi ya mafuta) iliyotajwa kwenye kopo la rangi yenyewe, vyombo viwili vya kioo au chuma vyenye vifuniko, na glavu
- Msumari au waya wa kuning'inizia brashi

Usianze na vifaa nusu ukitegemea kukimbilia dukani katikati ya kazi. Muda unaopotelea njiani ndio brashi inaoutumia kukauka.

## Hatua ya 1: Oanisha nywele na rangi

Soma kopo la rangi kabla ya kuchagua brashi. Kama linasema vifaa vioshwe kwa maji, hiyo ni rangi ya maji. Kama linataja tina au tapentaini, ni rangi ya mafuta.

Kwa rangi ya maji, tumia nywele za sintetiki: nailoni, poliesta, au mchanganyiko wa hizo mbili. Poliesta hainywi maji kwa kiasi cha kuilegeza, kwa hiyo hubaki imara saa nyingi. Nailoni huvumilia sana msuguano, ndiyo maana watengenezaji wengi huzichanganya.

Kwa rangi ya mafuta na vanishi, nywele za asili bado zina sifa yake. Nyingi hutokana na nguruwe, na kila unywele umepasuka wenyewe nchani, ukawa na vijitawi vinavyobeba rangi na kuilaza laini. Asiyetaka kuzigusa asione amekosa: zipo brashi za sintetiki zilizotengenezwa mahususi kwa rangi ya mafuta, na zinafanya kazi nzuri.

Kosa linaloharibu kazi kuliko mengine hapa ni kutia nywele za asili kwenye rangi ya maji. Hunywa maji, huvimba, hulegea, na baada ya muda mfupi unapaka kwa kitu kisicho na uti. Muuzaji akikwambia brashi moja inafaa kila rangi, yeye ana brashi za kuuza, wewe una mlango wa kupaka.

## Hatua ya 2: Chagua upana na umbo

Upana ufuate kile unachopaka. Inchi 1 hadi 1½ ni ya fito za dirisha na sehemu nyembamba. Inchi 2 hadi 2½ ni ya fremu, kingo za ukuta na paneli za mlango. Inchi 3 na 4 ni za maeneo mapana, ingawa ukuta mzima ni kazi ya rola, na brashi ibaki kwenye kingo.

Brashi pana haiharakishi kazi kama wengi wanavyodhani. Ikipita kwenye fremu nyembamba humwaga rangi pembeni, na muda uliodhani umeuokoa utautumia kufuta.

Kuhusu umbo: ncha zilizokatwa sawa zinafaa sehemu bapa, na zilizokatwa mshazari zinafaa kingo na kona, kwa sababu upande mrefu hutangulia kwenye kona na unauona unapokwenda. Kama una uwezo wa kununua brashi moja tu, chukua ya inchi 2 ya mshazari.

## Hatua ya 3: Ikague mkononi kabla ya kulipa

Dakika moja dukani inatosha. Fanya haya manne.

Panua nywele kwa vidole gumba uone katikati. Ndani ya bati kuna kipande cha mbao au plastiki kinachogawa nywele na kuacha uwazi mdogo. Uwazi huo ndio unaohifadhi rangi. Brashi hafifu huwekewa kipande kinene ili ionekane nono. Ukipanua ukakuta pengo kubwa na nywele chache pembeni, irudishe.

Angalia ncha. Katika brashi nzuri, ncha za nywele zimechongoka au zimepasuka vijitawi. Zikiwa zimekatwa butu zote, kila unywele utaacha mfereji wake kwenye rangi.

Bonyeza nywele kiganjani, kisha ziachie. Zirudi mahali pake zenyewe. Zikibaki zimepinda, hazitabeba uzito wa rangi. Zikikuchoma mkono, zitakwaruza.

Vuta kidogo. Unywele mmoja au miwili kutoka si ajabu kwa brashi mpya. Zikitoka tano au sita kwa mvuto mmoja, gundi ya ndani ni dhaifu na hutaimaliza kazi bila kuokota nywele ukutani. Tikisa na bati pia: likicheza kwenye mpini, limeshindwa kabla ya kuanza.

Urefu wa nywele nao una maana. Brashi ya inchi 2 iwe na nywele za inchi 2½ hivi au zaidi. Nywele fupi hubeba rangi kidogo na hazipindiki vya kutosha kulainisha.

## Hatua ya 4: Toa nywele legevu na uiloweshe

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, kisha lawama huenda kwa kiwanda.

Piga nywele kwenye kiganja chako, huku na huku, mara kadhaa. Zichane kwa kitana. Osha brashi kwa maji na sabuni, ikamue, iache ikauke kabisa. Nywele zilizokuwa zimekatika kiwandani zitatoka hapo badala ya kutokea kwenye mlango wako.

Kabla tu ya kuanza kupaka, ilowesha. Kwa rangi ya maji, chovya nywele zote kwenye maji safi, kisha ikamue na kuikung'uta mpaka ibaki na unyevu tu, bila tone kudondoka. Kwa rangi ya mafuta, fanya hivyo hivyo kwa tina.

Sababu ni shina. Nywele kavu huvuta rangi kuelekea juu na kuipeleka ndani ya bati. Zikiwa na unyevu tayari, ile nafasi ya shinani imeshachukuliwa na maji au tina, na rangi hubaki nchani unapoihitaji. Kuosha jioni pia huwa kwepesi.

Tahadhari: brashi inayodondosha maji itapunguza nguvu ya rangi kwenye michovyo ya kwanza, nawe utaona mabaka yaliyopauka. Kamua kweli kweli.

## Hatua ya 5: Hamisha rangi kwenye kopo dogo

Usichovye kwenye kopo kubwa. Vumbi na nywele zinazotoka ukutani huingia humo na kuharibu rangi yote, tena kopo likikaa wazi hupata utando juu.

Koroga rangi kwa kijiti bapa, ukiinua ule uzito ulioketi chini, mpaka iwe moja. Kama kopo liliwahi kufunguliwa, ondoa utando wote kwanza bila kuukorogea ndani, kisha chuja rangi kwa soksi ya nailoni iliyofungwa mdomoni mwa kopo dogo. Vanishi ikoroge taratibu na usiitikise kabisa. Mapovu yake hugandia kwenye ubao na huwezi kuyatoa ila kwa msasa.

Sasa kipimo. Mimina rangi ya kina cha sentimita 3 au 4 tu. Watu hudhani ni ubahili. Kwa kina hicho, hata ukisahau ukazamisha brashi hadi chini, rangi haitafika kwenye bati. Kopo lililojaa humwadhibu kila anayepumzisha mkono.

## Hatua ya 6: Chovya theluthi moja

Zamisha theluthi moja ya urefu wa nywele. Nusu ndiyo mwisho. Inua, kisha gonga kwa wepesi upande mmoja ndani ya kopo, halafu upande wa pili. Rangi ya ziada itadondoka, ile ya kufanyia kazi itabaki ndani ya nywele.

Wengi hukwangua brashi kwenye ukingo wa kopo. Acha. Kukwangua huondoa rangi upande mmoja, hukunja nywele, huleta mapovu, na huacha ukingo umejaa rangi inayokauka na kurudi ndani kama vipande. Tena unaanza kupaka na brashi ambayo tayari ni nusu kavu, na brashi kavu ndiyo inayochora mistari.

Brashi ndogo ishike kwenye bati kwa ncha za vidole, kama unavyoshika kalamu. Kubwa ishike kwa kufumbatia sehemu ya chini ya mpini, vidole vinne upande mmoja wa bati na gumba upande mwingine. Ukishika mwisho wa mpini, mkono utatawala mpini na ncha zitakwenda zinakotaka.

Utajua umepatia pale brashi itakapotoka kopo hadi ukutani bila kudondosha, na mpigo wa kwanza ukaacha rangi nzito kuanzia mwanzo wake.

## Hatua ya 7: Laza, sambaza, lainisha

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kupaka kwa brashi ni mapito matatu. Anayeyachanganya kuwa moja, akawa anakwenda na kurudi mpaka rangi iishe, ndiye anayepata mistari.

Kulaza. Weka rangi kwa mipigo miwili au mitatu mizito, yenye nafasi kati yake, kwenye eneo dogo la upana wa mikono miwili hivi. Usijali uzuri.

Kusambaza. Bila kuchovya tena, iunganishe mipigo hiyo kwa kupita upande au mshazari, mpaka eneo lote lifunikwe kwa unene mmoja. Kandamiza kiasi cha nywele kupinda kidogo. Ukikandamiza mpaka nywele zimelala zote, unapaka kwa ubavu wa shina, na rangi itapanda ndani ya bati.

Kulainisha. Brashi sasa ina rangi kidogo sana. Pita kwa ncha tu, mipigo mirefu, upande mmoja, bila kukandamiza. Kwenye ubao fuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Anzia penye rangi mpya umalizie ndani ya sehemu uliyotangulia kupaka, ambayo bado ni mbichi, na uinue brashi ungali unasogea. Ukisimama ndipo uinue, utaacha alama ya nywele zote mahali hapo.

Kisha ondoka. Nasema ondoka kwa sababu jicho litaona kasoro ndogo na mkono utatamani kurudi. Rangi iliyoachwa mbichi hujisawazisha yenyewe. Mistari midogo hufungana. Rangi ya maji huanza kushika ngozi ya juu ndani ya dakika chache, na brashi ikipita hapo haisawazishi tena bali inachana. Kasoro utakayoiona baada ya dakika kumi isubiri ikauke, upige msasa, uirekebishe kwenye mkono wa pili, yaani tabaka la pili la rangi.

Daima fanya kazi ukiwa na ukingo mbichi. Eneo jipya liungane na lililotangulia kabla halijakauka, la sivyo maungio yataonekana kama mkanda mzito. Ndiyo sababu hupumziki katikati ya mlango. Unapumzika kwenye kona au kwenye ungio la mbao.

Jua kali na upepo huharibu hatua hii kabisa. Fuata kivuli, na ikibidi kuipunguza rangi nguvu, usizidishe kiasi kilichoandikwa kwenye kopo.

### Mlango wa paneli

Utaratibu wake una sababu. Anza na paneli za ndani pamoja na mapambo yake, kwa sababu hapo ndipo rangi hukusanyika na kuchuruzika. Fuata mbao za kulala, kisha mbao za kusimama, na kingo za mlango ziwe mwisho. Kila ungio linapakwa upya na ubao unaofuata, kwa hiyo mpigo wa mwisho unafuata nyuzi za ubao ule unaoonekana.

Kona za paneli zirudie kuzitazama baada ya dakika moja au mbili. Tone likianza kuchuruzika, linyonye kwa ncha ya brashi iliyokamuliwa. Likishashika ngozi, liache mpaka likauke.

### Kati ya mkono wa kwanza na wa pili

Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kopo. Kwa kawaida rangi ya maji hutaka saa chache, na ya mafuta hutaka usiku kucha au siku nzima. Kukauka kwa kugusa si kukauka kwa kupakwa tena. Piga msasa laini kwa wepesi, futa vumbi lote, ndipo uchovye brashi.

## Hatua ya 8: Mstari mnyoofu bila mkanda wa kubandika

Ukingo wa ukuta na dari huwatisha watu kuliko unavyostahili. Siri ni kwamba mpigo wa kwanza hauugusi mstari.

Chovya, gonga, kisha piga mpigo wa kwanza sentimita moja kutoka kwenye mstari. Huo ni wa kutua mzigo. Rudi kwa mpigo wa pili: kandamiza kidogo mpaka ncha zifunguke na uone ukanda mwembamba wa rangi ukisukumwa mbele ya nywele. Ukanda huo ndio unaousogeza mpaka kwenye mstari. Ufuate kwa macho, si nywele zenyewe. Sogeza mkono mzima kutoka begani, kwa mwendo mmoja usio wa haraka, mpaka ukanda uishe.

Mkono unatetemeka zaidi ukienda polepole mno. Hilo watu hawaliamini mpaka wajaribu.

Paka ukanda wa sentimita 5 hadi 8 kuzunguka ukuta mmoja, kisha mwenye rola aingie kabla haujakauka. Ukizungusha chumba kizima ndipo rola ianze, utaona fremu nyeusi kidogo kuzunguka kila ukuta.

## Hatua ya 9: Ukipumzika katikati ya kazi

Kwa dakika chache, funga nywele kwenye mfuko wa plastiki, ukamue hewa itoke, fungia kwenye mpini. Kwa rangi ya maji mfuko huo unafaa kwa saa moja mbili. Zaidi ya hapo, ioshe.

Rangi ya mafuta ina njia yake. Yenyewe hukauka kwa kushikana na oksijeni ya hewani, kwa hiyo ukiizuia hewa haikauki. Toboa mpini, pitisha waya, ning'iniza brashi kwenye kopo la maji mpaka nywele zote zizame bila kugusa chini. Itakesha humo salama. Asubuhi ikung'ute maji yote, ifute kwenye gazeti, endelea.

Usisimamishe brashi kwa nywele zake ndani ya kopo, hata kwa muda wa kunywa chai. Uzito wa mpini hukunja ncha, na nywele za sintetiki zikishajikunja hivyo hubaki na kibyongo.

Kuna dalili moja ya kuisikiliza hata kama hujachoka: ukiona rangi imekauka nusu karibu na bati, simama. Osha brashi, ikamue, uanze tena. Katika kazi ya siku nzima kwa rangi ya maji, fanya hivyo kila baada ya saa mbili hivi, na mapema zaidi kwenye joto.

## Hatua ya 10: Osha kuanzia shinani

Mwanzo ni mmoja kwa rangi zote. Ikwangue brashi kwenye ukingo wa kopo (sasa ruksa), kisha ipake kwenye magazeti mpaka isiache alama. Kila rangi unayoiacha kwenye gazeti ni rangi ambayo hutaiosha.

### Rangi ya maji

Tumia maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Joto kali hulegeza gundi ya ndani ya bati na kupinda nailoni. Tia sabuni kiganjani, ingiza brashi, izungushe, kisha finya shina kwa vidole na ulisugue kutoka kwenye bati kwenda nchani. Maji yatabadilika rangi tena hata kama ncha zilikuwa zimeshatakata. Suuza, tia sabuni, rudia. Chana kwa kitana kuanzia kwenye bati.

Utajua imetakata hivi: pinda nywele upande mmoja, bana shina kwa kidole gumba, utazame maji yanayotoka. Yakitoka safi, bila rangi yoyote, mara mbili mfululizo, umemaliza. Kutazama ncha hakukuambii kitu.

Fanya hivi mara tu kazi inapokwisha. Rangi ya maji ikishakauka, chembe zake zimeungana kuwa ngozi moja, na maji hayaiyeyushi tena.

### Rangi ya mafuta

Vaa glavu, kaa penye hewa, mbali na moto, sigara na jiko. Mimina tina kidogo kwenye chombo cha kwanza, kiasi cha kufunika nywele. Izungushe brashi humo huku ukibonyeza nywele pande zote za chombo ili tina iingie shinani. Ikamue kwenye tambara. Hamia chombo cha pili chenye tina safi, urudie. Mwisho ioshe kwa sabuni na maji ili kuondoa mafuta yaliyobaki.

Mafuta ya taa hutumiwa na wengi na yanaosha, ila huacha utelezi wa mafuta. Ukiyatumia, sabuni ya mwisho si hiari. Petroli isiguse kazi hii. Mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu, hata iliyo mbali na chombo.

Tina chafu usiimwage kwenye sinki, mtaro wala ardhini. Ifunike, iache itulie. Rangi itaketi chini na tina safi itabaki juu. Imimine taratibu kwenye chupa yenye lebo, itakufaa tena.

Hatari ya matambara. Matambara yenye mafuta ya kitani, au rangi na vanishi zenye mafuta yanayokauka, huzalisha joto yanapokauka. Yakirundikwa pamoja joto hukosa pa kutokea, na yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje mpaka yakakamae, au yaloweke kwenye kopo la chuma lenye maji na kulifunika. Kuyatupa yamefumbatwa kwenye pipa la ndani ni kualika moto.

## Hatua ya 11: Kausha ikiwa na umbo

Kung'uta maji nje, au zungusha mpini kati ya viganja ukiwa umeingiza nywele ndani ya ndoo tupu ili usijirushie. Chana. Nyoosha ncha kwa vidole zirudi kwenye umbo lake, kisha zifunge kwa kipande cha gazeti kilichokunjwa, kikiwa kimelegea kiasi cha kupitisha hewa.

Ining'inize, nywele zikitazama chini, au ilaze. Ukiisimamisha kwa mpini ingali mbichi, maji hushuka kwenye bati: chuma hupata kutu, mbao huvimba, na nywele huanza kutoka zenyewe wiki zinazofuata. Nywele za asili zikihifadhiwa muda mrefu ziwe kavu kabisa na zifunikwe, kwa sababu wadudu huzila.

## Brashi imeshakauka na rangi: inafufuka?

Inategemea rangi, na inategemea shina.

Ikiwa ni rangi ya maji, pasha siki iwe ya moto bila kuchemka, uimimine kwenye chombo uzamishe nywele kwa nusu saa hadi saa moja. Zisugue kwa vidole, chana kwa kitana, rudia ikibidi, kisha osha kwa sabuni. Zikipindika lakini shina likabaki gumu, utaipata nusu ya brashi tu.

Ikiwa ni rangi ya mafuta, siki haitasaidia. Jaribu kuiloweka kwenye tina usiku kucha ikiwa imening'inizwa. Ikishindikana, ipo dawa ya kutolea rangi, lakini ni kali: glavu, macho yakingwe, kazi ifanyike nje. Baadhi ya dawa hizo huyeyusha nywele za plastiki, kwa hiyo kata unywele mmoja uujaribu kwanza.

Kwa maoni yangu, brashi hafifu iliyokaukiana haistahili thamani ya dawa hiyo. Brashi nzuri ya nywele nene inastahili, mara moja. Ile iliyofufuka usiirudishe kwenye mlango wa mbele. Itumie kwa rangi ya msingi, kupakia gundi, kufuta vumbi la msasa kwenye kona za paneli, au kupaka hiyo hiyo dawa ya kutolea rangi safari nyingine. Iandike mpini kwa kalamu ya wino usiofutika ili mtu asije akaichukua akidhani ni nzima.